Papa Kabine Angoja Umeme Ukatike

Mtu aliyeifundisha kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka kutopiga simu ovyo ndiye niliyemkuta uzeeni, sebuleni kwake Lilongwe, shati limepigwa pasi, anaomba umeme ukatike ili binti yake ampigie. Ukitaka kumjua Papa Kabine, anza hapo. Mengine yote aliyoyasema na kuyatenda, na alisema mengi kuliko aliyoyatenda, yanalizunguka jambo hilo moja.

Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia. Kwetu Kongo kabine ni meza ya kupigia simu: mwavuli, viti viwili, simu moja ya kukodi, na mwenye meza anayeuza vocha, ambazo sisi tunaziita inite. Yake ilikuwa karibu na soko la kambi, upande wanakochoma mahindi. Wakati ule simu za mkononi zilikuwa za wachache, kwa hiyo namba yake ilikuwa namba yetu sote. Ndugu wa Bukavu, Uvira na Kindu wakiwa na habari walimpigia yeye. Aliwaambia wangoje kidogo kisha wapige tena, akafunika meza kwa turubai, akaenda mwenyewe kumwita mwenye habari yake.

Mwendo wake tu ulikuwa habari. Akija na kofia yake ya kufuma kichwani, basi kuna mtu kaoa, au kajifungua, au kavuka mpaka salama. Akija ameishika mkononi, wanawake walianza kulia kabla hajafika mlangoni. Siku aliyokuja kwetu kofia mkononi, mama yangu alikuwa anafua. Alijifuta mikono kwenye kitenge, akamfuata mpaka kwenye meza, na mikono yake ilipokataa kushika simu, Papa Kabine aliishika yeye sikioni pa mama mpaka mtu wa Bukavu alipomaliza kueleza jinsi mjomba wetu alivyofariki. Siku zote za matanga alikuja jioni akakaa nasi. Sisi ni watu wa kanisa, tuliimba nyimbo zetu. Yeye ni Mwislamu wa Kindu, Maniema, hakuimba, lakini kidole chake kilikuwa kinapiga mdundo juu ya goti. Nikamuuliza, nikiwa bado msichana mwenye mdomo, kama hiyo si dhambi kwao.

"Wimbo iko yenu," akasema. "Kidole iko yangu."

Nilimpenda tangu siku hiyo, na sikuwahi kuacha.

Sheria yake aliitangaza kwa kila aliyekaa kwenye kile kiti. "Simu iko ya neno. Kama hauna neno, chunga inite yako. Salamu inaletwa na miguu." Ukidhani anatania, ungemwona akikunyang'anya simu. Kulikuwa na kijana mmoja aliyekuwa na mchumba Bujumbura. Alikuwa akija kila Jumamosi, anapiga, kisha wote wawili wananyamaza, wanasikilizana tu wanavyopumua. Papa Kabine alivumilia mara kadhaa, mwisho akaichukua simu mkononi mwake. "Dada, mi njo mwenye meza. Huyu bwana iko hapa, anapumua muzuri, haiko na malaria. Harusi ni siku gani?" Wachoma mahindi walicheka mpaka mahindi yakaungua. Lakini harusi ilifanyika, na naye alikula pilau ya watu bila aibu yoyote.

Mfanyabiashara gani huyo anayewafukuza wateja? Niliwahi kumuuliza. Mdomo wake mwenyewe haukujua kupumzika. Alikuwa anaweza kukusimulia habari ya mbuzi mmoja wa Kindu tangu adhuhuri hadi alasiri. Akanijibu kwa upole ambao sikuuzoea. Alisema watu wetu wamekimbia vya kutosha. Simu ikilia, roho ya mtu inaruka kabla mkono haujaishika, maana kila mmoja ana maiti anayemngoja. "Ukimupigia muntu bure, umemuua nusu. Halafu unamuambia, nilikuwa nakusalimia tu. Na ile nusu uliyoua, nani atairudisha?" Mpaka leo simu ikinilia bila kutazamia, hushika kifua kwanza.

Binti yake Feza alikulia chini ya meza ile, kwa maana kamili ya maneno, kwa sababu mama yake alifariki mapema na hapakuwa na mahali pengine pa kumlaza mchana. Alikuwa rika langu na rafiki yangu. Nyumba zetu ziligawana ukuta mmoja wa matofali mabichi. Usiku baba yake akikohoa upande wao, mama yangu alimwambia pole upande wetu. Mlango wa Papa Kabine haukuwa na kufuli. Ulifungwa kwa kipande cha waya, na waya wenyewe ulikuwa wa kuzuia kuku. Vumbi lile, ukuta ule, na nyimbo za mazoezi ya kwaya zikichanganyika na adhana ya magharibi, nayatamani kuliko ninavyopenda kukiri, maana hakuna mkimbizi anayetakiwa kuitamani kambi.

Feza alipopata safari ya Kanada, tulimsindikiza mpaka kwenye basi. Kila mtu alilia, ila baba yake hakulia. "Ukifika, piga," akamwambia. "Halafu fanya kazi." Akafika, akapiga. Tulikuwa wengi kuizunguka meza tukamsikia. "Baba, nimefika." "Vizuri," akajibu, na simu ikakatwa. Akatutazama sote kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake kafaulu.

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Feza alipiga alipopata kazi ya kutunza wazee. Alipiga alipohamia nyumba nyingine. Alipiga alipoolewa, na alipojifungua mtoto wa kiume. Kati ya neno moja na jingine ilipita miezi. Nikimuuliza Papa Kabine, Feza anasemaje, alinijibu kwa kiburi kabisa: "Haiko na neno. Kama haiko na neno, iko muzima." Nami nilimwamini, kwa kuwa alikuwa anatabasamu.

Halafu sukari ikampata. Alikuwa mtu wa kula maandazi kwa siri huku akiwahubiria wengine kiasi, na mwili haukumsamehe. Miguu ikaanza kufa ganzi, macho yakapungua, akapewa kibali cha kukaa mjini karibu na matibabu. Feza akampangia nyumba ndogo mtaa wa Area 49, yenye ua, geti na bomba la ndani. Meza ya kabine ikauzwa. Kwa wakati huo haikuwa na kazi tena, kila mtu alikuwa na simu mfukoni na kila mtu alipiga bure.

Mimi ni fundi wa nguo. Nikipata ruhusa ya kutoka kambini kwenda Lilongwe kununua vitambaa na zipu, nilipita kwake. Njiani niliwaza jinsi atakavyokuwa amewazoea majirani wapya na kuwachosha na mbuzi wake wa Kindu. Nilijidanganya. Area 49 watu wanasalimiana kwa honi. Miaka yote aliyokaa Malawi, Kichewa chake kilikuwa neno moja, zikomo, yaani asante, na alilitumia kwa kila kitu: kushukuru, kukataa, kumpisha mtu njia, hata kutoa rambirambi. Kambini lilitosha kwa sababu meza ilimletea watu. Hapa alisimama getini, akasema zikomo kwa mpita njia, mpita njia akasema zikomo, na mazungumzo ya siku yakawa yamekwisha.

Kisha nyumba ya tatu kutoka kwake ikavunjwa na wezi. Feza alisikia, akaogopa, akalipa kampuni moja ya pale mjini waje kumfungia alamu. Wakaweka kisanduku cheupe chenye vitufe karibu na mlango, vijicho kwenye pembe za vyumba, na king'ora nje. Ndani ya kisanduku mlikuwa na betri ndogo na laini ya simu. Fundi alimweleza Papa Kabine kwamba mwizi akiingia, king'ora kitalia na binti yake atapata ujumbe. Akaongeza kuwa hata pakiwa na hitilafu tu, kwa mfano umeme ukikatika, kisanduku kitahamia kwenye betri yake, kitalia tii, tii, na kumpelekea Feza ujumbe huko huko Kanada.

Mzee alikicheka kile kisanduku wiki nzima. "Kikulacho ki nguoni mwako," aliniambia, "sasa hii inachunga nguo ama inachunga mulango? Mulango yangu ya Dzaleka ilikuwa inachungwa na mama yako."

Umeme wa Lilongwe mnaujua. Haukupita muda ukakatika, mchana kweupe. Kisanduku kikaanza tii, tii, na kabla mzee hajajua afanye nini, simu yake ikalia. Alinisimulia mwenyewe kwamba alijua amekufa mjukuu.

"Baba, alamu inasema kuko hitilafu. Kuko nini huko? Mwizi?"

"Hakuna mwizi. Umeme njo imekatika."

"Uko muzuri?"

"Niko muzuri."

Kwa sheria yake, hapo simu ilitakiwa kukatwa. Lakini Feza, kwa hofu aliyokuwa nayo, aliendelea kuuliza. Milango imefungwa? Dawa umemeza? Umekula? Na mzee akajibu, swali kwa swali, na jibu moja likazaa jingine, mpaka akajikuta anaulizia theluji, na kama mtoto ameota meno, na kama huko wanapata unga wa muhogo. Waliongea mpaka umeme ukarudi, na kisanduku kikatuma ujumbe wa kusema umerudi, na wote wawili wakacheka kwa kuwa ulifika simuni mwa Feza katikati ya maneno yao.

Ukaja mgao wa umeme. Umeme ulikatika mara kwa mara, na kila ulipokatika Feza alipiga. Betri ya kisanduku ikichoka, ulienda ujumbe mwingine, naye akapiga tena. Mzee akanenepa kidogo. Niliyakuta maisha yake yamepangwa kwa ratiba ya mgao: siku ambayo mtaa wao ulikuwa na zamu ya giza, alioga mapema, akavaa shati la pasi kana kwamba binti yake angemwona, akakaa kwenye kochi linalotazamana na kisanduku. Kikianza kulia, alikijibu. "Tumesikia. Tuma sasa." Watu wa Area 49 walikuwa wakiulaani umeme kwa kila lugha, na ndani ya ua mmoja kulikuwa na mzee wa Kindu anayeushukuru. Zikomo, alisema taa zikizimika, na mara hiyo neno lilikuwa mahali pake.

Halafu mgao ukapungua. Alasiri moja nilifika, geti halikufungwa, nikaingia. Sebule ilikuwa haina taa, jokofu limenyamaza, kisanduku kinalia tii, tii, na mzee amekaa kwenye kochi na shati lake. Lakini ng'ambo ya ukuta wa ua kulikuwa na saluni, na mashine ya kukaushia nywele ilikuwa inanguruma pamoja na redio.

"Papa," nikasema, "kwa jirani umeme iko."

"Kwa jirani ni kwa jirani."

Nikatazama juu ya mlango wa jikoni. Swichi kubwa ya nyumba ilikuwa imeshushwa, na chini yake kulikuwa na kiti. Mtu mwenye miguu ya ganzi alikuwa amepanda kiti. Kabla sijasema neno simu ikalia, naye akainua kidole kuninyamazisha. "Njo, imekatika," akamwambia Feza. "Hapana, usiogope. Sasa niambie, mutoto ameenda shule?" Nilikaa jikoni nikawangoja, na wao walichukua muda wao.

Alipomaliza nilimwambia kwamba amemdanganya mtoto wake. Hakukubali hata kidogo. "Ameniuliza kama umeme imekatika. Imekatika. Nani ameikata, hakuuliza." Nilicheka, nini tena ningefanya? Nikamwondolea kile kiti, nikamwomba angalau awe anatumia ufagio kuigonga ile swichi. Akaniambia wazo hilo lina akili, na kwamba siku zote alijua nitafika mbali.

Feza alikuwa binti mwema, na wema wake ndio uliowaumiza wote wawili. Kila ujumbe wa hitilafu ulimfanya amwone baba yake gizani, anapapasa kuta. Akafanya kazi za ziada, akamfungia sola juu ya bati na betri kubwa kama jiwe la kusagia. Tangu siku hiyo umeme wa mtaa ukikatika, taa za Papa Kabine hazikupepesa hata mara moja. Kisanduku hakikujua lolote. Tulipokwisha kumzika mzee, na tulimzika Dzaleka miongoni mwa watu wake, Feza aliniambia kwamba hata yeye huko Kanada alikuwa akiitazama simu yake akitamani Lilongwe iingie giza. Lakini mtu atawezaje kumwacha baba yake gizani kwa sababu anataka kumsikia? Alifanya lililompasa mtoto kufanya. Kisha akabaki bila neno la kumpigia.

Mara ya mwisho kumwona nilimpelekea chungu cha sombe, yaani kisamvu, kutoka Dzaleka, iliyotwangwa na mama. Alikisifu chungu, aliisifu sola, akanionyesha jinsi taa zinavyowaka, akawaombea dua Feza na mumewe. Alikula kidogo. Shati lilikuwa la pasi, ila lilikuwa limemzidi, na shingo ilikuwa imekonda ndani ya kola. Alikuwa amekaa kwenye kochi lile lile.

"Hii sanduku imekuwa bubu," akasema.

"Ulijaribu swichi?"

"Kila siku. Betri ya sola inakamata palepale." Halafu akauliza bila kunitazama: "Kama nikivunja dirisha, itatuma?"

Nilianza kucheka, na kicheko kikanikatikia mdomoni, kwa sababu alikuwa amekwisha kuchagua jiwe. Lilikuwa limekaa kwenye ukingo wa dirisha, limeoshwa vizuri. Niliona uchungu ambao sikuwahi kuuona alipokuja kwetu kofia mkononi, maana siku ile alikuwa amebeba msiba wa watu wengine.

"Papa, mpigie wewe."

"Niko na neno gani?"

"Hauna neno. Umpigie tu bure."

Alinitazama kana kwamba nimemwambia aingie msikitini na viatu. "Mi?" akasema. "Mi njo nilikataza bantu."

"Wewe njo ulikataza. Sasa wewe njo ruhusu."

Upande wa pili wa ukuta mashine ya saluni ilizimwa, wanawake wakasikika wakicheka. Papa Kabine akatoa simu mfukoni, akaisogeza mbali na macho yake mabovu, akanipa nimtafutie namba. Nilipiga, nikaiweka kwenye sauti ya nje, nikamrudishia.

Feza alipokea papo hapo. Hakusalimia.

"Baba, nani amekufa?"

Papa Kabine alifumba macho. Akaniangalia mimi ili nimsaidie, yule mtu ambaye hakuwahi kukosa la kusema, na mimi nikatikisa kichwa kwamba hapana, hili ni lake.

"Hakuna muntu amekufa," akasema.

"Alamu haijaniambia kitu. Kuko nini? Uko hospitali?"

"Niko nyumbani. Umeme iko. Sukari iko chini. Yote iko sawa." Akavuta pumzi. "Nakupigia bure, Feza."

"Bure?" akauliza Feza, kwa sauti ya yule msichana wa chini ya meza.

"Bure, mutoto yangu. Leo nilikula sombe."

Feza akaanza kulia. Alilia kwa sauti, huko kazini kwake, mbele ya wazee wa watu, na baba yake akabaki ameishika simu kwa mikono miwili, akamwacha alie, wala hakumuuliza sababu.